Mahali pa Kuachia

Mwenye kulala Kibara, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, huona usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kana kwamba mji mzima umehamia ziwani. Lakini mwezi unapopevuka taa hizo hutoweka, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa penye mbalamwezi, na hapo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hutundikwa zikashonwa, na vijana waliozoea kulala mchana na kukesha usiku hujikuta wana fedha mfukoni, hawana kazi mikononi, wala hawana baraza ya kukalia ila ile iliyo mlangoni pa muuza gongo. Usiku wa mbalamwezi, ambao watu wengine huungoja kwa ngoma na hadithi, kwa mvuvi aliyeazimia kuacha pombe ni usiku wa mtihani. Azma anayo, na nia yake pengine ni safi kuliko maji ya kisimani. Asichokuwa nacho ni mahali. Nimeanza na jambo hili dogo la kwetu kwa sababu historia ninayokusudia kuisimulia, ijapokuwa itatupeleka Bagamoyo na Unguja na hata ng'ambo ya bahari, ni historia ya swali hilo moja: mtu akisha kuazimia kuacha kilevi, akaachie wapi?

Neno lenyewe uraibu lina hadithi yake. Katika kamusi za zamani lilikuwa jina la vitu vya kutafuna kwa starehe, yaani tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, ambavyo mwungwana wa pwani alimfunulia mgeni wake katika kijaluba kabla hata ya kumwuliza habari za safari. Kumnyima mgeni uraibu kulikuwa ni kumnyima heshima. Leo neno hilohilo ni jina la maradhi, na mraibu ni mtu ambaye jirani humfungia mlango na ndugu huficha sufuria akimwona anakuja. Yafaa tukumbuke kwamba neno lilizaliwa barazani, kati ya watu waliokaa pamoja, kwa maana jambo hilo litaturudia mbele ya safari.

Kwa muda mrefu watawala walilijibu swali letu kwa kulikwepa. Hawakuuliza mlevi akaachie wapi. Waliuliza kilevi kitaondolewaje. Serikali ya Waingereza ilikataza kutonesha gongo, na Jamhuri ilipokwisha kusimama ikalithibitisha katazo hilo kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ambayo jina lake limetokana na jina jingine la pombe hiyo. Mwaka 1995 ikaja sheria ya kuzuia biashara ya dawa za kulevya, pamoja na tume yake. Na tarehe 1 Machi 2017 vikapigwa marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali ambavyo kondakta wa basi na mwanafunzi waliweza kuvinunua kwa fedha ya kitafunwa. Sisemi kwamba sheria hizi hazikuwa na maana, kwani viroba viliondoka madukani na wengi walinusurika. Lakini sheria hutia mkono ikamnyang'anya mtu chupa, kisha ikamwacha palepale ilipomkuta, na mwenye kiu hana safari ndefu kutoka chupa moja hadi nyingine.

Walikuwapo zamani watu waliolijua jambo hili katika utumwa wa namna nyingine. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, nao walipoanza kuwakomboa watumwa, aghalabu watoto, hawakuridhika na kuwalipia fidia na kuwaambia nendeni. Walijenga kijiji cha waliokombolewa, wakawapa mashamba, wakawafundisha useremala na uashi, wakawaoza, kwa sababu mtu aliyefunguliwa mnyororo pasipo kupewa makao ni windo la mnyororo mwingine. Kule milima ya Usambara, mahali paitwapo Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Na mwanzoni mwa karne iliyofuata, watoto wa namna hiyo walipopungua, nyumba ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, ambao walitibiwa zaidi kwa kazi ya shamba na maisha ya pamoja kuliko kwa kufuli, na hospitali hiyo ingalipo hata leo. Ukiiangalia kwa utuvu safari ya Lutindi, kutoka kwa mtumwa hadi kwa mgonjwa, utaona kwamba waliohamishwa ni wakaaji tu, na fikra ya nyumba ilibaki vilevile.

Mkoa wetu wa Mara nao ulipata sehemu yake ya elimu hii, lakini ilikuwa nusu. Wasabato walifika Majita mwaka 1909, na Wamenoni wakafika Shirati mwaka 1934, na wote wawili waliitia pombe katika mambo ya haramu, wakamtaka mwongofu aiache siku ileile aliyoiacha mizimu. Mwaka 1942 Shirati ikapatwa na uamsho, tawi la ule uamsho mkubwa uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika: watu walisimama kati ya wenzao, mkubwa na mdogo, mweusi na mzungu, wakayataja makosa yao kwa majina bila kufunikwafunikwa, na aliyekiri akakumbatiwa kwa wimbo. Sasa sikiliza ajabu ya historia. Mwaka 1935, miaka saba tu kabla ya uamsho wa Shirati, katika mji wa Akron, Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson na daktari aitwaye Bob Smith, walevi wote wawili, walianza mikutano iliyokuja kuitwa Alcoholics Anonymous, na kanuni yao ya kwanza ilikuwa ileile: simama kati ya wenzio, jitaje kuwa u mlevi, na usikilize mwingine akijitaja. Watu hao wa Akron walikuwa wameichota desturi hiyo katika kundi la Kikristo lililojulikana kwa jina la Oxford Group, ambalo sauti yake iliwafikia pia baadhi ya wamisionari wa Afrika Mashariki. Hivyo Shirati na Akron, ambazo hazikujuana, zilikunywa maji ya mto mmoja.

Lakini zilitofautiana katika jambo moja lenye uzito. Kanisani aliyerudia kunywa alitengwa, akakaa nje ya ushirika mpaka atubu. Kwa walevi wa Akron, aliyeteleza akarudi alikuta kiti chake kipo, na pengine akapigiwa makofi kwa kurudi. Fauka ya hayo, ushirika wa kijijini ulikuwa na mwisho wake jioni: wimbo ukiisha, kila mtu huenda kwao, na huko kwao huenda ikawa mama anakoroga pombe ya mtama ya kumlipia mtoto karo. Toba alikuwa nayo. Pa kuilaza toba hiyo usiku hakuwa napo.

Hao wa Marekani nao walichelewa kulitambua jambo la usiku. Mwaka 1975, huko Silver Spring katika jimbo la Maryland, nyumba moja ya serikali iliyowahifadhi walevi waliotoka hospitalini iliamriwa ifungwe kwa uchache wa fedha, na wakaaji wake, badala ya kutawanyika, wakaamua kuipanga wenyewe. Mmoja wao, Paul Molloy, mwanasheria aliyewahi kufanya kazi katika Seneti, ndiye ajulikanaye kuwa mwanzilishi. Nyumba waliiita Oxford House, kwa ukumbusho wa kundi lile la zamani, na masharti yao yalikuwa machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja: mambo yote ya nyumba yaamuliwe kwa kura, kila mtu alipe sehemu yake ya kodi na chakula, na atakayetumia kilevi atoke. Hakukuwa na daktari wala msimamizi wa kulipwa. Desturi hiyo ya watu kupanga pamoja na kulindana imeenea tangu hapo katika nyumba elfu kadhaa, na thamani yake ni kwamba ilimtoa mlevi katika cheo cha mgonjwa wa kuhudumiwa ikampa cheo cha mwenye nyumba.

Pwani ya kwetu wakati huo haikuwa na habari za nyumba kama hizo, na katika miaka ya 1980 ikaanza kupokea mgeni mbaya. Heroini ilifika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa njia zilezile za bahari ambazo zamani zilileta tende na mazulia, kwanza ile ya rangi ya udongo iliyovutwa kwa moshi, kisha, kuelekea mwaka 2000, ile nyeupe iyeyukayo katika maji na kupigwa sindano. Ikazaa lugha yake: unga, kete, teja, na lile neno arosto, ambalo kila mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani amelijua kwa machozi, yaani hali ya mwili unapoukosa unga, ambapo pua na macho hutiririka, mifupa huuma kana kwamba inasagwa, tumbo hufunguka, na mtu hutetemeka kwa baridi chini ya jua la Februari. Ikazaa na mahali pake, yaani maskani, chini ya mwembe, ufukoni au katika gofu la nyumba, ambapo waliofukuzwa kwao waligawana kete, sigara na kipande cha mkate.

Yafaa tutue hapa, kwa kuwa wengi huidhania maskani kuwa ni pango la wanyama. Mwaka 2005 watafiti walieleza desturi iliyokuwa ikifanyika Dar es Salaam, hasa kati ya wanawake maskini: aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake mwenyewe katika bomba la sindano na kumpa mwenzake asiyekuwa na fedha, kwa kuamini kwamba katika damu hiyo kumebaki unga wa kutosha kumtuliza na arosto. Hakuna njia iliyo wazi kuliko hiyo ya kueneza Ukimwi. Na hata hivyo, mwenye insafu ataona kwamba aliyetoa damu alikuwa anatoa sadaka. Watu hawa walikuwa na jamaa, walikuwa na ujirani, walikuwa na huruma iliyofika kwenye mshipa. Uraibu, kama neno lake la kale lilivyotudokeza, ulikuwa ungali ni jambo la baraza. Basi anayemwambia teja aache unga humwambia pia aiache jamaa ya pekee iliyobaki ikimpokea, na asipompa jamaa nyingine amemwita jangwani.

Jamaa hiyo nyingine ilianza kujengwa kidogo kidogo. Malindi ilipata katikati ya miaka ya 1990 Mradi wa Omari, uliofuatiwa na nyumba ya malazi kwa wanaoacha heroini. Kisha, mwaka 2009, Unguja ilifunguliwa nyumba iliyokuja kuwa mama wa nyingi, kwa juhudi za watu waliokuwa wenyewe wametumia unga na kuuacha, miongoni mwao Suleiman Mauly, wakisaidiwa kwa mafunzo na wenzao wa Detroit, Marekani, mji uliokuwa umeyaonja madhila hayo kabla yao. Watu waliziita soba hausi, na serikali baadaye ikaziita nyumba za upataji nafuu. Katika miaka michache zilikuwa zimefika kumi na zaidi Unguja na Pemba, na vijana wa bara walikuwa wakivuka bahari kuzitafuta.

Mwendo wa nyumba hizo ni rahisi kuusimulia na mgumu kuuishi. Mgeni hupokelewa na yule aliyeingia kabla yake, si na daktari. Huyo ndiye anayelala karibu naye siku za arosto, anayemnywesha uji kwa kijiko, anayefua shuka alilolichafua, na anayeweza kumwambia bila kusema uongo kwamba siku ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza na kwamba itapita. Alfajiri Waislamu huamka kwa swala, kisha wote hufagia uwanja, hupika kwa zamu na kuketi mkutanoni, ambapo kila mmoja hutaja jina lake, hutaja kwamba ni mraibu, na hutaja hesabu ya siku zake. Wala haahidi kuacha milele, huahidi kwa leo tu. Mtu hukaa miezi kadhaa, na miongoni mwa wanaomaliza wako wanaobaki kuwapokea wanaokuja. Kuna desturi nyingine inayotoka kwa Narcotics Anonymous, jamii iliyoanzishwa California mwaka 1953 kwa mfano wa ile ya walevi: mgeni hupewa kishikio cha funguo cheupe, na akitimiza siku thelathini hupewa kingine cha rangi ya machungwa, kisha rangi nyingine kwa kadiri siku zinavyoongezeka. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mtu aliyefukuzwa katika kila nyumba, asiye na mlango hata mmoja duniani wa kuufungua, zawadi yake ya kwanza ni kitu cha kutundikia funguo.

Tiba ya hospitali ilipokuja, haikuziondolea nyumba hizi haja, bali iliizidisha. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kunywa itulizayo mwili bila kuulevya. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Unguja ikaanza katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na kwa upande wetu wa ziwa Mwanza ikapata kliniki yake katika hospitali ya Sekou Toure. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, na aliye mwanzoni hapewi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa hiyo asiyekuwa na makao karibu na kliniki ni kama asiyekuwa na dawa. Sheria mpya ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliziweka nyumba za upataji nafuu chini ya macho ya serikali, na zikaendelea kufunguliwa mijini: Kigamboni ipo ya Pili Missanah Foundation, na Bagamoyo ipo ya Life and Hope, katika mji uleule ambao mwaka 1868 uliwajengea makao waliokombolewa utumwani. Sijui kama aliyeuchagua mji huo aliikumbuka tarehe hiyo, lakini historia haikuisahau.

Haki yadai tuseme pia kasoro. Nyumba nyingi huishi kwa ada ya wazazi, na mzazi aliyekwisha kuibiwa mpaka mabati ya paa aghalabu hana cha kulipa. Nyingi ni za wanaume, ilhali mwanamke mraibu hubeba aibu mara mbili na watoto juu yake. Zimewahi kuwako pia nyumba zilizosahau shina lao zikawa jela ndogo, zenye kufuli nje na fimbo ndani, kwa dhana kwamba mtu hupona kwa kuogopa. Tena wapo wanaotoka wamenawiri, wakashangiliwa na kurudishwa mtaa uleule, na baada ya mwezi wakaonekana maskani. Na hapo wasiojua husema nyumba hazifai. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyerudi nyuma mara tatu na kuingia mara ya nne hakuishinda nyumba, wala nyumba haikumshinda; ila tu mlango na uwe ungali wazi.

Narudi Kibara. Heroini si adui mkuu wa kijiji cha wavuvi kama hiki. Hapa kuna gongo, na kuna bangi iliyolimwa katika mkoa huuhuu. Tuseme basi kijana mmoja wa dagaa, mwenye mke na deni la nyavu, ameamka asubuhi moja ya mwezi mpevu mikono inamtetemeka, naye ameazimia kuacha. Kuna hospitali ya misheni itakayomtazama ini na kumpa maji ya mshipa. Kuna kanisa litakalopokea ungamo lake. Kuna mjomba mwenye busara atakayemkalisha chini na kumsemesha. Vyote hivyo ni vyema na vyote humalizika jua likitua. Ili apate kulala kati ya watu wanaoacha kama yeye atapanda gari la Bunda, na kutoka Bunda aelekee mji wa mbali, awaache watoto na fungu lake la mtumbwi, kisha siku ya kurudi ashukie palepale alipopandia, nyuso za maskani zikimtazama na mwezi ukikua.

Na hata hivyo sioni kwamba Kibara imepungukiwa na mengi. Uwezo wa watu kukaa duara na kuambiana kweli umo katika mkoa huu tangu mwaka 1942. Desturi ya kuchangiana msiba, ambapo watu hulala matanga kwa mfiwa siku kadhaa ili asibaki peke yake na majonzi, ni kongwe kuliko misheni zote. Nayo ukiitazama vizuri ndiyo ile nyumba ya Unguja na ya Silver Spring, ila huku kwetu imewekwa kwa ajili ya wafu na haijawahi kuwekwa kwa ajili ya aliye hai anayeuaga ulevi wake. Pangehitajika nyumba moja ya matofali ya kuchoma, mbali kidogo na ufuko, yenye vitanda sita, jungu moja la ugali na watu wawili waliotangulia kuacha. Na pangehitajika ijazwe hasa zile siku ambazo taa zimezimwa ziwani.

Mpaka hapo, kijana wetu, akirudi kutoka mjini na kishikio chake cha funguo mfukoni, ataona usiku wa kwanza ni mweupe kama mchana, mitumbwi imelala mchangani, na wenzake wanamwita kwa jina. Kishikio anacho. Mlango wa kukitilia funguo ndio ambao Kibara haijaujenga.